Bundi Aliyesema Shikamoo

Alhamisi. Joto la kunata, hakuna upepo, wiki ya mwisho ya likizo.

Nimerudi nyumbani mapema kuliko nilivyopanga. Nywele bado zina jasho, na vazi la bundi si langu tena. Naandika kabla Mama hajarudi kutoka kazini, maana akishayasikia haya atayasimulia vizuri kuliko mimi.

Kwa wasiojua, shule yetu ina bundi, ndiye nembo yake. Yuko kwenye fulana, yuko ukutani, na yuko kwenye vazi kubwa la manyoya ya zambarau ambalo mtu huingia ndani akacheza mbele ya watu. Tulikotoka, Morogoro, shule unaionyesha mapenzi kwa wimbo wa asubuhi na gwaride. Hapa ughaibuni wanapiga kelele na kumkumbatia ndege. Sina neno, kila nchi na mambo yake.

Wenzangu wengi likizo yao imeishia kwenye nyumba za ziwani. Wengine walikuwa wanarudia hesabu. Mimi asubuhi nilipanga mikebe supamaketi, jioni nilikaa na watoto wa jirani, na siku mbili kwa wiki nilikwenda shuleni kufanya mazoezi ndani ya bundi. Muda huo uliingia kwenye zile saa arobaini za kujitolea ambazo kila mwanafunzi hapa lazima azimalize kabla ya kuhitimu. Mama anajua najitolea. Hakuuliza najitolea kama nini, nami sikuona haja ya kumsumbua.

Bundi ana masharti mawili: hasemi, na hajulikani ni nani. Akijulikana, vazi linakwenda kwa mwingine. Maddie, rais wa baraza la wanafunzi, alinisomea masharti hayo mwezi wa sita kwa uso wa mtu anayemwapisha jaji.

Nikiri tu. Nililipenda lile vazi kupita kiasi. Niko shule ile mwaka wa pili, na wanaonijua kwa jina hawajazi teksi. Si kwamba wananichukia, hawanioni. Lakini nikishaingia ndani ya bundi nakata mauno, narusha mabawa, na walewale wanaonipita kwenye korido wanakuja mbio kunikumbatia. Nilitaka kuwa bundi mwaka mzima. Sikuwa na mpango mwingine.

Leo tulikuwa tunawapokea wanafunzi wapya wa darasa la tisa, ambao ndio wanaanza sekondari. Muziki juu, maputo ya zambarau, wanafunzi wakubwa wamejipanga mistari miwili wanashangilia kila anayeingia. Mimi nimesimama mlangoni. Ndani ya kile kichwa unaonea kwenye tundu dogo la mdomo, kwa hiyo Kiswahili nilikisikia kabla sijawaona wenyewe. Bibi mmoja mwenye kitenge, na mjukuu wake kakumbatia bahasha ya vyeti.

Bibi akainua macho.

"Mungu wangu! Bundi? Mchana kweupe, mlangoni mwa shule?"

Wenzangu walicheka wakidhani anafurahi. Mimi tu ndiye niliyeelewa. Kwetu bundi akitua juu ya paa lako, unaanza kuwaza nani anaumwa. Ndiyo maana nyumbani nilikaa kimya miezi miwili.

"Rehema, geuka. Hapa husomi."

Akamkamata mtoto mkono wakaanza kurudi kituo cha basi. Baadaye niliambiwa wana wiki tatu tu tangu watoke Tabora, na baba mtu anafanya kazi uwanja wa ndege usiku, mchana amelala. Wakiondoka, hapakuwa na mwingine wa kuwarudisha shuleni. Yule mtoto alikuwa analia bila sauti, anatazama nyuma, anatazama maputo.

Nikakosea. Niliwakimbilia.

Hebu fikiria. Umemwona bundi, umeamua kuondoka zako, na sasa bundi anakufukuza, mabawa wazi, urefu wake kama mlango. Bibi akageuka, akainua mkoba juu ya kichwa, tayari kunipiga. Na mimi, mbele ya mtu mzima aliyenikasirikia, mdomo ulifanya ulichofundishwa tangu nina miaka miwili.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba," ikamtoka, kabla hajajua anamwitikia nani. Mkoba ukabaki hewani. "We! Ni mtu?"

"Mtu, bibi. Naitwa Zawadi."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Mama Zawadi, wa Morogoro. Tunakaa hapa hapa Weston."

"Basi vua hilo likichwa nikuone."

Ningeweza kukataa. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Lakini bibi amesema vua, na Rehema alikuwa ameacha kulia. Nikavua. Nyuma yangu muziki ulizimwa, na shule nzima iliniona kama nilivyo, nywele zimelala upande mmoja, jasho mpaka kidevuni.

Bibi alinitazama sana. Akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara. "Watu wa huku wana kazi! Mtoto mzuri hivi wanamfuga ndani ya bundi."

Maddie alikuja akachukua kichwa. Alisema pole, na alimaanisha, lakini sharti ni sharti. Vazi amepewa msichana wa timu ya voliboli. Imeniuma. Sitajifanya mkubwa, nilikwenda chooni nikalia, kisha nikanawa.

Nilipotoka, bibi alikuwa ananisubiri. Akauchukua mkono wa Rehema akauweka ndani ya wangu.

"Nakukabidhi. Huyu ni mdogo wako. Sina mwingine ninayemjua kwenye shule hii."

Mtu akishakukabidhi mtoto hivyo, huna pa kukimbilia. Tukaingia wote wawili katikati ya ile mistari miwili. Walishangilia kama wanavyomshangilia kila mtu. Mmoja akaita, "Zawadi!" Sikujua ametoa wapi jina langu. Nadhani Maddie.

Mama anafungua mlango. Inabidi nianze na neno bundi na nione atakaa au atasimama.

Shule inafunguliwa Jumanne. Saa moja na nusu asubuhi nampitia Rehema kituoni. Nitakwenda na uso wangu. Ndio uliobaki.