Geji mpya inasema tangi limejaa

Ndugu yangu, nimekwama barabarani na lile gari nililojiundia. Mafuta yameisha kabisa, na geji mpya bado inaonyesha tangi limejaa.

Limejaa, nakwambia.

Nilipobadilisha geji za dashibodi nilijaribu kila waya mezani. Kumbe boya la tangi, lile linaloelea juu ya mafuta, nililifunga juu chini, kwa hiyo mafuta yakishuka, geji inapanda.

Nilikuwa nampeleka dada yangu kwenye usaili wa kazi, saa mbili asubuhi. Akanitazama, akasema taratibu, “Kaka fundi, si ulipima mara tatu?”

Nilipima mara tatu kweli. Akavua viatu, akaanza kukimbia.

Sasa simu yake imebaki hapa kitini. Inaita. Ni hao wa usaili. Nipokee niseme nini?