Farasi wa Mama

Querétaro, Jumapili

Eusebio,

Salamu hustahili, ila mama alinifunza adabu. Huku mvua zimeanza, na mtini umezaa.

Jana nilimtoa mama katika hospitali ya vichaa ulikomtupa. Hana wazimu. Kiharusi kimeharibu sehemu ya ubongo inayoona, ileile ninayoichunguza maabarani. Humo zimo seli zinazopaza habari za macho, na nyingine za kuzinyamazisha. Za kunyamazisha zikifa, zilizobaki hupayuka ovyo. Ndiyo maana mama anaona farasi jikoni. Nilikueleza kwa simu, ukanijibu, "Dada, usinipe somo. Mama kachizika."

Leo asubuhi alikitabasamia kiti kitupu. "Eusebio amekuja," akasema.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Huyo naye hayupo."

Dada yako asiyekungoja,
Amparo