Mijusi Wawili wa Mpwapwa na Shemeji wa Mlali

Mpendwa mshauri,

Huku Mlali gazeti hutufikia likiwa limekwisha kupita mikono mingi, na ukurasa wako ndio hufika umechakaa kuliko zote, kwa hiyo najua unasikilizwa, nami naomba msaada wako hata kama utacheka kwanza, maana mke wangu Chausiku amekwisha kucheka na hajanisaidia.

Mimi ni mzee niliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, pwani ya Msumbiji, nilivuka nikiwa kijana kuikimbia kazi ya kulazimishwa ya pamba, nikakata mkonge, nikajifunza kusoma na sikuacha tena kusoma, nikawa karani wa ghala, nikaoa hapa chini ya milima ya Uluguru, na nyumba ninayolala imejengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu, kama ilivyo desturi ya Waluguru, ambao ardhi na watoto huwa wa upande wa mama, na mwenye kauli juu ya vyote ni kaka wa mama. Silalamiki, nimetendewa vema. Nasema ili uelewe kwamba kila ninachokikalia hapa, hata kigoda, nimekaribishwa.

Sasa mjukuu wetu Furaha, mtoto wa binti yetu Amina, alikuwa akisomea ualimu Mpwapwa, na wanafunzi walipokuwa wakichimba msingi wa darasa kwenye ile nchi kavu wakafukua mijusi wawili chini ya mawe, yeye akawaokoa na majembe, akawafuga kwenye kasha la sabuni, na alipopangiwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa huko Kigoma akaniletea, akasema, "Babu, nitunzie mpaka likizo, nikirudi nikute mikia imenona." Si mijusi wa ukutani hawa, hata kuta hawapandi. Ni wanene, wa manjano, wana madoa kama ya chui, mkia umejaa kama muhogo mchanga, na wana kope, wakilala hufumba macho kama mtu. Nimewapenda, sioni haja ya kuficha. Jua likizama hutoka mafichoni wakanyoosha shingo, nami huwasomea habari za dunia, na husikiliza vizuri kuliko wajumbe wa mkutano wa kijiji.

Niliwaandalia makao kama nijuavyo kumkaribisha mgeni. Nilichukua kabati letu la zamani la wavu, lile la kuwekea chakula, nikaliweka ghalani, penye ubaridi kuliko pote katika nyumba hii, nikamwaga humo mchanga laini wa mtoni, na kila asubuhi hunyunyiza maji kama Chausiku anavyonyunyiza uwanja kabla ya kufagia, na kinachopikwa nawapelekea, ugali kidogo, ndizi ya kuchemsha, dagaa. Lakini mmoja hali. Mkia wake umeanza kunywea, ngozi iliyokuwa ikimvuka imemganda vidoleni, na mwenzake amemuuma shavuni, sijui kwa nini, wametoka shimo moja.

Hilo ni la kwanza, na la pili limeniondolea raha. Shemeji yangu Salehe, kaka wa Chausiku, ambaye ni seremala na ndiye mkuu wa ukoo, alikuja kula nasi siku ya Maulidi, akapita ghalani, akafunua kitambaa cha kabati akidhani kuna maandazi.

"Shemeji! Umetufugia makafiri ndani?"

Nikamwambia hawa si wale wa ukutani.

"Mjusi ni mjusi. Wazee wametufundisha alipuliza moto wa kumchoma nabii, kumuua ni thawabu, wewe unamtilia dagaa! Dada, mumeo amekosa kuku?"

Chausiku akamjibu, "Mwache, ndio pekee wanaomsikiliza."

Salehe alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha uso ukabadilika. "Na mimi nimeambiwa? Akilala mgeni katika nyumba hii mimi huambiwa. Hawa wamelala tangu lini?"

Nikaropoka, "Hawa ni wangu, Salehe. Angalau hawa ni wangu."

Akavaa kofia yake. "Basi kama ni wako, watafutie na ardhi yako. Nikija wakati wa mavuno nisiwakute." Akaondoka bila kunawa mikono, na tangu siku hiyo hajakanyaga hapa, na zamani ilikuwa haipiti wiki bila yeye kuja kunitania.

Furaha atakuja likizo baada ya mavuno. Nikiwaachia huku kwenye mvua za milimani watakufa, nikiwabakisha nitakuwa nimevunja udugu ulionilea ugenini, na nikimwandikia mtoto kwamba nimeshindwa kutunza kasha moja la sabuni, sijui nitamtazamaje. Nifanye nini?

Mzee Stambuli, Mlali

*

Mzee wangu Stambuli,

Shikamoo. Ipokee vizuri shikamoo hiyo, kwa sababu baada yake nitakugombeza.

Tuanze na mgonjwa, kwa maana shemeji anaweza kununa mpaka mavuno, lakini mkia ulionywea hausubiri. Barua yako nimemsomea mwalimu mmoja wa elimu ya viumbe hapa shuleni Kilakala, akashika kichwa. Mzee, umemchukua mtu wa Mpwapwa ukamlaza kisimani! Ubaridi ni heshima kwako wewe uliyekata mkonge juani. Kwa mjusi wa nchi kavu ni ugonjwa, kwani bila joto tumbo lake halisagi chakula. Na ugali hali, hata umbembeleze. Anakula kinachotembea.

Watoe ghalani leo hii. Mchanga mwage wote, maana akiumeza na chakula utamziba tumbo. Tandika gazeti, hata ukurasa huu, sitakasirika. Pasha tofali kando ya moto, lifunge kwenye gunia, liweke ndani, upande mmoja wa kabati tu, liwe vuguvugu, kiganja chako kiweze kutulia juu yake. Upande wa pili uache bila joto, ili mnyama achague mwenyewe. Kila upande uwe na kigae cha chungu cha kujificha. Acha kunyunyiza ovyo. Weka kigae cha tatu chenye kitambaa kibichi ndani, hapo ataingia ngozi ikimvuka, na ile iliyoganda vidoleni ilainishe kwa maji ya vuguvugu, usiivute. Maji ya kunywa yawe kwenye kifuniko cha kopo. Miguu ya kabati isimamishe kwenye makopo ya maji kama ilivyokuwa likiwa na chakula, kwa kuwa siafu wakiingia humo utakuta mifupa. Walishe panzi na nyenje walio hai, wasiozidi ukubwa wa kichwa cha mjusi, uwapake unga wa maganda ya mayai. Usiwatoe kwenye shamba lililopigwa dawa.

Na hao wawili watenganishe. Unashangaa wametoka shimo moja na wanaumana? Kama wote ni madume, watauana kwa ajili ya kigae kimoja. Wewe mwenyewe unajua ardhi inavyogombanisha watu.

Sasa shemeji yako. Habari ya thawabu kamuulize sheikh wenu, mimi si sheikh. Ila kwa jinsi nilivyosikia, anayesemwa ni yule wa ukutani, na umeniambia mwenyewe wako hawapandi ukuta. Lakini, mzee wangu, ugomvi wenu haukuwa wa dini. Soma tena barua yako. Salehe alipotaja makafiri alikuwa anatania, na alicheka. Uso ulibadilika alipoona hakuambiwa. Wewe uliyeniandikia desturi ya Waluguru kwa sentensi moja iliyonyooka kuliko za wataalamu wengi, ulimficha mwenye nyumba wageni wa nyumba yake. Kisha ukamwambia neno baya zaidi, "wangu."

Nalielewa neno hilo. Mtu aliyekaribishwa maisha yake yote hutamani kuwa na kitu kimoja ambacho yeye ndiye mkaribishaji. Sikucheki. Lakini halikuwa kweli, na ubaya wake ni kwamba kweli ingekuokoa. Furaha ni mtoto wa nani? Wa Amina. Amina wa nani? Wa Chausiku. Kwa hesabu ya huko kwenu, Furaha ni mtoto wa ukoo wa Salehe kabla hajawa mjukuu wako, na kasha lile la sabuni ni amana ya mtoto wa ukoo. Salehe alikuwa anawafukuza wageni wa mtoto wake mwenyewe bila kujua, na ni wewe uliyemnyima kujua.

Kwa hiyo utakwenda kwake. Si wakati wa mavuno, wiki hii. Chausiku atangulie, kwa kuwa ni dada, na yeye ndiye aseme: "Kaka, Furaha ametuletea wageni, tumechelewa kukuambia, utusamehe." Wewe ukiulizwa, sema, "Ni wa mtoto wenu, mimi nalisha tu." Litakuuma kidogo mdomoni. Liseme. Usiongeze maelezo, usimsomee gazeti. Kisha mwombe kazi: kabati moja halitoshi wagomvi wawili, na seremala ni yeye. Mwambie unataka sanduku pana la mbao, lenye wavu mbele na mlango unaofungika vizuri, na usimfundishe kupima.

Wachukue wote wawili, kila mmoja kwenye kikapu chake, na yule mgonjwa umfunike kwa kitambaa chenye joto. Atauliza wanakula nini hawa, nina hakika, hakuna seremala asiyeuliza sanduku ni la nini. Hapo usimjibu. Mwekee panzi mkononi.