Apite Pale Kimya

4 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo mwanangu? Sisi wazima, mguu tu ndio unanisumbua, nautembeza hivyo hivyo. Barua yako nimeisoma kwa sauti pale chumba cha kushonea, mafundi wote wakasimamisha cherehani zao! Mmoja akadakia, "Kufundisha mbwa kutembea? Kwani mbwa hajui kutembea?" Nikamwambia kutembea anajua, adabu ndiyo hana, kama wewe. Nieleze unavyofanya, niwakate vilimi.

Mama yako

15 Machi

Mama Majigambo, shikamoo.

Mimi mzima. Mguu vipi? Kazi ni hivi: mbwa akivuta kamba, nasimama kama nguzo. Akiilegeza, tunaendelea, nampa kipande cha nyama. Barabarani sasa anatembea kama bibi harusi. Ila uani kwa bosi kuna stoo yenye makufuli matatu. Hapo anavuta mpaka mkanda unamkaba, anakwangua mlango, analia. Bosi anataka apite pale kimya kabla wageni fulani wenye sare hawajaja. Mbwa huyu alikuwa wa mfundishaji aliyenitangulia. Nikiuliza alikwenda wapi, mlinzi anatazama chini. Mama, natamani kurudi nyumbani.

Kitinda mimba wako

24 Machi

Mwanangu,

Za huko? Mguu haujambo. Urudi? Na mimi nimeshatangaza mpaka muuza vifungo anajua! Mbwa hulilia hata panya. Tangu lini mtoto wangu akashindwa na kitu? Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Mfundishe apite.

Mama yako

19 Aprili

Mama Majigambo, shikamoo.

Mguu vipi? Tumeshinda. Jana mbwa kapita mlangoni mara saba, kamba imelegea, macho chini. Bosi akapiga makofi. Mimi sikufurahi. Ni kama nimemfundisha kumsahau mtu. Leo mlinzi kaninong'oneza, "Yule wa kwanza hakuondoka na viatu vyake." Na bosi anasema kesho nikamsaidie kupanga vitu stooni. Nikitoka nitakuandikia.

Kitinda mimba wako

9 Mei

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mzima. Nimehamishiwa kazi mbali sana, hivyo usinitafute wala usiandike tena. Wasalimie wadogo zangu.

Mwanao

17 Mei

Kitinda mimba wangu,

Hujambo? Safari hii nijibu wewe mwenyewe, hilo tu.

Barua iliyopigwa chapa nimeipata. Wenzangu wakanipongeza, "Mwanao sasa ana karani!" Nikacheka nao, si unanijua. Kisha nikafika kwenye wadogo zako. Wadogo gani? Baada yako sikuzaa tena. Na mguu wangu haukuulizwa.

Mimi ndiye niliyekuambia uyaoge maji yale. Sina pa kuliweka neno hilo.

Cherehani nimeifunika. Kesho asubuhi nasafiri. Nimechukua shati uliloliacha nyuma ya mlango, sijalifua, nimnusishe mbwa wako. Akivuta kamba, sitasimama kama nguzo. Nitamfuata.

Barua hii siitii posta, naileta kwa mkono wangu. Kama anayeifungua si wewe, ajue nipo getini na mafundi kumi na wawili, kila mmoja na mkasi wake na mdomo wake.

Mbwa alifundishwa kupita pale kimya. Mimi sikufundishwa.

Mama Majigambo