Sala kwa Kinamwanga

Tunduma, Jumapili, Februari 1997

Leo tena wamenisifu kanisani. Mchungaji kasema, "Mama Tumaini akiomba, hata mawe yanaitikia amina." Wakati naomba nilikuwa nawaza mahindi niliyoacha nje na mvua inakuja. Midomo inakwenda yenyewe, miezi sasa.

Baada ya ibada nikaenda kumwona shangazi, ameletwa mjini kutoka Ndalambo, anaumwa. Nikaanza kumwombea kama kawaida: "Baba mwingi wa rehema..." Akanishika mkono.

"Mwanangu, Kiswahili cha kanisani kinanipita. Niombee kwa Kinamwanga."

Nikakwama. Lugha ninayogombezea watoto na kupatania bei sokoni, sikuwa na neno lake hata moja la kumwambia Mungu. Yale maneno yote mazuri ninayosifiwa ni ya Kiswahili.

Mwishowe nikasema kwa Kinamwanga kile kilichokuwepo. Baba, shangazi anaumia. Na mimi moyo umekauka. Usituache.

Shangazi hakuitikia amina. Aliuliza, "Umekauka tangu lini?"

Kisha akajikokota, akaketi kitandani, na yeye mgonjwa akaanza kuniombea mimi.