Koti Nililokuvisha

Afande Opio, rafiki yangu,

Wiki iliyopita nilikwenda Namakwekwe, huko Mbale, kupanga na mke wako maombi ya kumbukumbu yako. Mama Grace akafungua sanduku, akanirudishia koti langu la kijivu. "Mwalimu, alilipenda sana. Mwishoni lilimbana, lakini alikataa kuliacha." Nilishukuru nikitazama sakafu. Hajui kwa nini nilikupa.

Wewe unajua. Ulitoka Mbale ukaja Jinja siku wakwe walipokuja kujitambulisha kwa ajili ya ndoa ya binti yangu. Daktari alikuwa amekuambia presha na sukari vimepanda, upunguze uzito, nawe ukatii kama ulivyotii amri kazini kwako magereza: ukaacha bia na chapati za kila asubuhi, ukawa unakwenda kazini kwa miguu. Ulifika ukicheka, shati likipepea, mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari. "Mwalimu, magoti yameacha kulalamika! Mama Grace anasema hata sikoromi tena."

Nami nikasikia wageni wakinong'ona chini ya hema. Kwetu hapa mtu akikonda, hawaulizi anakula nini. Wanauliza anameza vidonge gani, wakimaanisha vya Ukimwi. Nikakuvuta nyuma ya jiko. "Afande, umekonda vibaya. Utaniaibisha mbele ya wakwe." Nikakuvisha sweta, na juu yake koti langu, jua la saa nane likiwaka. Ukasema, "Lakini daktari amefurahi, bwana." Nikakujibu, "Daktari haishi na watu. Kula." Nikakujazia sahani ya matoke na nyama mara mbili. Ulikula huku jasho likikutiririka, kwa kuniheshimu tu.

Mtu mwingine angesema hakujua. Mimi nilifundisha bayolojia mpaka nikastaafu. Nilichora moyo ubaoni, nikaeleza kwamba mwili ukibeba mafuta kupita kiasi, moyo husukuma damu kwa taabu, mishipa huumia, sukari hubaki kwenye damu badala ya kuingia kwenye seli ikatumika. Nilijua kwamba si lazima mtu awe mwembamba. Hata akipungua kiasi, moyo na magoti hupata nafuu, mradi asirudi alikotoka. Hapo ndipo penye kazi, na wewe kazi hiyo ulikuwa umeianza. Nikaiharibu kwa kuogopa minong'ono.

Baadaye ulinipigia simu kutoka Mbale: "Mwalimu, nimenenepa tena, sasa koti linanikaa!" Nikacheka. Nikasema safi sana. Halafu kiharusi.

Sisemi kiharusi kina sababu moja. Hilo nisingemfundisha mtoto yeyote. Lakini... mkono wangu ulikuwamo, Opio.

Mwaka huu daktari ameniambia mimi yale yale. Nimepungua. Nafika shambani Budondo kwa miguu bila kusimama njiani, presha imeshuka, na daktari amenipunguzia dawa. Juzi yule mama ninayenunua kwake samaki pale Masese aliinama akaninong'oneza, "Mzee, pole. Umeanza dawa?" Akaniongezea sato mmoja wa huruma. Nilisimama pale na samaki wangu, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Si kwa sababu yake. Nilikumbuka uso wako nyuma ya jiko.

Jumamosi ndiyo maombi yako. Binti yangu amelipiga pasi lile koti. "Baba, vaa hili, watu wasianze kusema." Nimelirudisha kabatini. Nakuahidi nitakwenda Mbale na shati tu, mkanda wangu umetobolewa kwa msumari kama wako. Nitamweleza Mama Grace kwanza, yeye peke yake, nilichokufanyia. Akiniruhusu, nitawaeleza na wenzako wa magereza, maana wapo miongoni mwao walioambiwa na daktari yale wanayoambiwa wengi wetu, nao wanaogopa nilichokiogopa. Asiponisamehe, sitamlaumu.

Pumzika, Afande. Siku ile ulikuwa umependeza. Niliona, na sikukuambia.

Mwalimu wako