Nimepangiwa Kulipinga Gari Analoliunda Baba

Mshauri mpendwa, nimeshika kalamu tangu nirudi kutoka shule na bado sijui nianzie wapi, lakini nisaidie kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, maana siku hiyo nitasimama mbele ya baba yangu na wenzake wa kiwandani niseme kwamba gari wanaloliunda halifai kuundwa tena, na yeye hajui.

Nina miaka kumi na sita, tunaishi vitongoji vya kaskazini mwa Adelaide, na kiwanda sina haja ya kukitaja kwa sababu hapa kwetu ukisema kiwanda kila mtu anajua ni kipi. Baba hufunga propela na difu, yaani kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini nyuma na kile kinachoyazungusha magurudumu ya nyuma, na siku kampuni itakapoamua kuunda magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele tu, kama wanavyofanya wengine, pale anaposimama Baba hapatakuwa na kitu cha kufunga.

Mimi si mtu wa kusemasema. Niliingia kwenye mdahalo kwa sababu mwalimu wetu, Bi. Vasiliou, alisema mtu anayesoma vitabu vingi hivi lazima siku moja afungue mdomo, na sasa tumefika fainali, na mada yenyewe ni hii: kampuni inayowauzia watu wa kawaida iendelee kuunda magari makubwa ya saluni yenye mbio, yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Pande hazichaguliwi, hurushwa sarafu, na sarafu ikatupa mimi na mwenzangu Nerida upande wa kupinga. Fainali haifanyiki shuleni, inafanyika kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi, kwa kuwa klabu ndiyo inayotoa kombe.

Baba aliposikia mada hakuuliza tuko upande gani. Alitoka moja kwa moja hadi kwenye uzio kumwita jirani yetu Macca, anayefanya naye kazi zamu moja.

"Macca, bwana, njoo usikie! Binti yangu anakwenda kututetea!"

"Huyu? Huyu ambaye hata piza hawezi kuagiza kwa simu?"

"Huyo huyo, na utakoma! Profesa wangu, waambie gari linalovutwa na mbele ni toroli la supamaketi, wewe unataka maziwa, lenyewe linataka kwenda kwenye biskuti."

Walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao, nimeshika sahani ya soseji, na ule ndio ulikuwa wakati wa kusema nami sikusema. Sasa zamu nzima inakuja, na majaketi yao mekundu wanayovaa siku ya mbio za magari za Bathurst, na Baba ameniambia nimwekee viti vya mbele.

Lingekuwa ni hilo tu ningevumilia, lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoanza kuamini ninachotakiwa kukisema, kwamba polisi na ofisi za serikali hawaagizi tena magari hayo kama zamani, kwamba watu wanataka gari dogo la kubana petroli au la juu la kupakia watoto, na kwamba kampuni inayowauzia watu wengi haiwezi kuishi kwa gari ambalo wengi hulisifu na wachache hulinunua. Halafu Jumapili Baba akanitoa kujifunza kuendesha kwa gari lake kubwa la kiwandani kwao, akaniambia nikanyage kidogo tukitoka kwenye kona, akasema, "Unasikia linavyokusukuma mgongoni? Hakuna mtu aliyeipenda kampuni yetu kwa sababu ya gari la kubebea mboga, mwanangu. Wameipenda kwa sababu ya hili, likipita wanageuza shingo." Na kweli nilisikia, Mshauri, nilisikia mgongoni, na nilitaka kumwambia hapo hapo lakini koo likakauka.

Jambo linaloninyima usingizi ni hili. Hilo gari kubwa hutoka Jumapili tu, siku nyingine limefunikwa shuka gerejini, kwa sababu petroli yake hatuimudu. Familia nzima tunatumia gari dogo la Mama, la kutoka ng'ambo, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Baba humwambia Mama aliegeshe nyuma ya banda lisionekane barabarani, na Mama akimpeleka kazini humshusha kwenye kona ya kituo cha mafuta, Baba akamalizia kwa miguu, maana kwenye maegesho ya kiwanda magari ya kampuni nyingine hupelekwa mwisho kabisa kwenye uzio, na ukitoka zamu unakuta umefungiwa karatasi za chooni kwenye antena. Wenzake hawajui. Mimi nimeliandika kwenye hotuba yangu. Nimeandika, "Naijua familia moja ambayo baba huunda gari kubwa mchana kutwa na jioni hurudi nyumbani kwa gari dogo la kigeni." Nerida, ambaye hajui ni familia gani, aliposoma alipiga meza akasema, "Weka mwisho kabisa, dada, hapo ndipo tunawamaliza!"

Sasa niseme naumwa? Nizungumze vibaya makusudi ili tushindwe? Au niseme yote kama yalivyo, halafu nirudi nyumbani na Baba ndani ya gari lile lile? Tafadhali usitaje jina langu.

Mwenye Koo Kavu

JIBU

Binti, vuta pumzi kwanza. Kupinga gari si kumpinga baba yako, na mtu ambaye amefunga difu maisha yake yote ameshasikia maneno makali zaidi ya yako, tena kutoka kwa watu wenye uwezo wa kufunga kiwanda. Wewe una uwezo wa kushinda kombe tu. Kwa hilo nakuonea huruma na pia naona unajitisha bure.

Ila kwa mengine nitakugombeza. Kuumwa, usithubutu. Kushindwa makusudi ndiyo mbaya kuliko yote: utamdhulumu Nerida, utamdharau Bi. Vasiliou, na utamfanya baba yako apige makofi kwa uongo akidhani ameshinda. Yeye mwenyewe hangeacha kukaza nati kwa kuwa halipendi gari linalopita mbele yake. Hoja zako ni nzuri, zikaze zote.

Tena ile hoja yake ya mgongoni na ya watu kugeuza shingo, usiifiche. Itaje, useme ni hoja bora kabisa ya upande wa pili, halafu uijibu ukiweza. Mimi nimejaribu kuijibu jikoni kwangu nimeshindwa, na gari langu pia ni dogo.

Sasa tuje kwenye ile familia uliyoiandika. Mahesabu ya kampuni ni ya kila mtu, yazungumze utakavyo. Lakini gari lililo nyuma ya banda ni siri ya baba yako na mama yako, na ulipoiandika hukumuuliza yeyote. Unajua kabisa kwamba zamu nzima itageuka kumtazama aliyekaa viti vya mbele. Huo si ujasiri, binti. Ni kumvua mtu nguo kwa sababu yuko karibu nawe.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumapili hii akikutoa tena kuendesha, mwambie ukiwa kwenye usukani. Nyote mtakuwa mnatazama mbele, na yeye hawezi kuondoka. Usianze na mdahalo na sarafu, anza na hili: "Baba, nimepangiwa kuwapinga, na niliogopa kukwambia." Akinyamaza, mwache anyamaze, wewe tazama barabara. Kisha msomee ile sentensi ya familia, ukishaegesha, si kabla. Akisema ifute, ifute hapo hapo mbele yake, na Nerida mwambie imetoka, asiulize kwa nini. Mama yako naye muulize, maana gari ni lake na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapenda kuliegesha nyuma ya banda.

Na viti vya mbele mwekee. Akijua mapema, ana siku za kutosha kuamua aje na jaketi jekundu au asije. Uamuzi huo ni wake. Ulikuwa unataka kumnyang'anya.

Jambo la mwisho. Gazeti letu hulala kwenye kila meza ya kantini ya kiwanda, na wafunga difu wanaoshushwa kwenye kona ya kituo cha mafuta hawawezi kuwa wengi. Kwa sababu hiyo nakutumia jibu hili nyumbani kwa barua. Halitachapwa mpaka umwambie baba yako na yeye mwenyewe aseme sawa. Usiponipigia simu, barua yako itabaki kwenye droo yangu na hakuna atakayeiona.

*

Simu ililia Jumatatu asubuhi, na sauti haikuwa ya msichana.

"Wewe ndiye yule mama wa gazeti?" akauliza. Nikasema ndimi. "Chapa. Ile sentensi nimemwambia aiache, ila aseme ni familia yake, asijifiche nyuma ya 'naijua familia moja'. Na uandike pia kwamba gari la mke wangu bado ni toroli."

Nikamwahidi nitaandika. Nilidhani atakata simu lakini hakukata.

"Nyinyi watu wa magazeti," akasema, "mmesikia lolote kuhusu kiwanda?"

Nikamwambia hatujasikia.

"Hata sisi," akasema.